Kumgeuza Mdogo Wangu

Siku ya kwanza ya mazoezi tulipangwa mstari, sisi wapya, miguu mitupu juu ya sakafu ya ukumbi wa parokia hapa Ifakara, na mwalimu wa karate akaanza kutuuliza mmoja mmoja tumekuja kutafuta nini. Wenzangu walikuwa vijana wa bodaboda, wanafunzi wa sekondari na mlinzi mmoja wa ghala la mpunga. Majibu yao yalifanana: mkanda mweusi, kujihami na vibaka, kuondoa kitambi. Mlinzi alisema anataka kuvunja tofali kwa mkono, watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika, mimi mwanamke wa miaka arobaini kasoro, fundi cherehani niliyekaa kitini tangu usichana hadi magoti yakasahau kazi yake, nilisema nataka niweze kumgeuza mtu mzima aliyelala kifudifudi kwenye tope.

Walicheka. Mlinzi akauliza kama ni mume wangu anayerudi amelewa. Nikamwambia mume wangu aliondoka mwenyewe kwa miguu yake, hakuhitaji kubebwa. Wakacheka zaidi, na mimi nikazidi kununa.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, muuza mitumba sokoni, mpenda kuisikia sauti yake mwenyewe, lakini siku ile aliniuliza maswali mafupi. Huyo mtu ana kilo ngapi? Tope lenyewe la kifundo cha mguu au la goti? Nataka niwe nimeweza lini? Nikajibu kwamba kilo zake sizijui, tope ni la kifundo, na nina muda hadi majaruba ya mpunga yajae tena maji.

"Basi hilo ni lengo," aliwaambia wenzangu. "Kampime mtu wako, urudi na kilo zake. Hayo mengine yote niliyoyasikia hapa ni maombi."

Nilianza kumpenda pale pale, ila sikumwonyesha.

Mtu mwenyewe ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Ana kifafa. Kwetu neno hilo halitajwi ovyo. Husemwa "anaanguka," na msikilizaji anaelewa, anashusha sauti. Wazazi wetu walishuka bondeni kutoka upande wa Mahenge kutafuta ardhi ya mpunga, wakaja na vyombo vyao, sala zao, na imani waliyoikuta pia kwa majirani huku chini: kwamba ugonjwa ule unakaa kwenye povu. Mtu akianguka, usimguse mpaka atulie. Ukimgusa povu likakupata, umeuchukua, na utawaachia watoto wako. Ndiyo maana mdogo wangu akianguka watu hurudi nyuma. Hawarudi kwa ubaya. Wanarudi kama unavyorudi nyuma moto ukilipuka, mwili unaamua kabla ya moyo.

Mama hakurudi nyuma hata mara moja. Alimbeba hadi alipokuwa mrefu kumzidi, na alipokufa, tulipomaliza matanga, ndugu walikaa kugawana vitu vyake. Kila mmoja alijua anataka nini, huyu sufuria kubwa, yule baiskeli, mwingine kitanda. Ilipofika habari ya mdogo wangu, ghafla kila mtu akawa na safari. Nikasema huyu ni wangu, msisumbuke. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa upendo. Nilisema kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyonilisha miaka yote iliyofuata.

Yaliyonipeleka kwenye karate yalitokea shambani kwetu, njia ya kwenda Idete, wakati wa palizi. Tulikuwa tumeinama wawili katika jaruba moja, mimi nikimtania kwamba anaruka magugu kama anavyoruka Misa, naye hakunijibu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama wima, anatazama kitu ambacho hakipo. Kisha akaenda chini kifudifudi, mzima mzima. Maji yalikuwa ya kifundo. Maji ya kifundo hayamzamishi mbuzi, lakini yanamtosha mtu asiyejitambua.

Nilimvuta shati likachanika. Nikamshika mkono, ukateleza kwa tope. Alikuwa akitikisika kwa nguvu ambayo sijapata kuiona kwake akiwa mzima, na kila nilipomwinua bega, mguu wangu ulizama na yeye akarudi alikokuwa. Mwisho nilikaa chini ndani ya maji, nikasukuma mapaja yangu chini ya uso wake, nikauinua mdomo wake kwa njia hiyo na kukaa hivyo hivyo, nalia na kutukana. Watu walikuwa wamekuja mbio kutoka mashamba ya jirani. Walisimama juu ya tuta, majembe begani, wanatutazama.

Aliyekuwa karibu zaidi ni mama mwenye jaruba linalopakana na letu, mjane wa makamo, mtu ambaye mtoto wake akipata kambale wawili mmoja alikuwa wetu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, analia kabisa, machozi yanamwagika. "Usiliguse povu, mwanangu! Jihurumie, usiliguse povu!" Huyo ndiye aliyeniuma kuliko wote, kwa sababu alikuwa anatupenda.

Mdogo wangu alipona siku ile, akakohoa maji na tope, akalala hadi jioni. Mimi sikupona. Kila nilipokanyaga cherehani niliuona uso wake chini ya maji, na mikono yangu hii ya kushika sindano ikishindwa.

Basi nilirudi kwa mwalimu na kilo. Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu kwenye mashine ya kukobolea, nikamsimamisha kwenye mzani wa magunia, nikimdanganya kwamba hospitali wanataka uzito wake kwa ajili ya vidonge.

"Unaniuza?" aliuliza akiwa juu ya mzani, watu wa mashine wakacheka.

"Nikipata bei nzuri," nikamjibu.

Alikuwa na sabini na mbili. Mimi hamsini na tano nikiwa nimeshiba. Mwalimu alizisikia namba hizo, akakuna kidevu na kulikata lengo langu vipande. Kwanza miguu, maana mgongo wa cherehani ungekatika kabla sijamwinua mtu. Kisha nyonga, kisha kushika, kisha kuvuta katika utelezi. Hakuna kusogea kipande cha pili kabla cha kwanza hakijapimwa. Nilitaka nianze na kuinua uzito siku hiyo hiyo, tukagombana, nikashindwa.

Kipimo cha miguu kilikuwa kuchuchumaa nusu, mgongo wima, na kukaa hapo. Wenzangu walitumia simu kuhesabu. Mimi simu yangu ya tochi niliacha dukani, nikahesabu kwa sala. Mwanzoni nilimaliza Salamu Maria moja mapaja yakitetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Baadaye tano. Ilipofika Oktoba nilikuwa nakaa fungu zima la rozari, Salamu Maria kumi, na jasho linadondoka kwenye vidole vya miguu. Mwalimu, ambaye ni Mwislamu, alifurahia jambo hilo kuliko alivyostahili. Akija mgeni alimwambia, "Yule mama pale msimsemeshe, yuko kwenye Salamu Maria ya saba."

Alinifundisha pia kitu ambacho mpaka leo nakitumia hata kwenye ndoo ya maji. Mikono haiinui mtu. Mikono ni kamba tu, ng'ombe mwenyewe ni nyonga. Unashuka mpaka nyonga yako iwe chini ya uzito, unamkumbatia karibu na kifua chako, kisha unageuka wewe, naye anakuja. Vijana walitumia mbinu hiyo kuangushana, wakapiga kelele kila wanapoangusha. Mimi niliitumia kwa mtu aliye chini tayari, na sikuwa na sababu ya kupiga kelele.

Tatizo lilianza nilipohitaji mtu wa kulala. Mlinzi alijitolea, akalala kifudifudi, nikamgeuza. Ilikuwa rahisi mno, kwa sababu alinisaidia kwa bega lake bila kujua. Nikamwambia alegee. Akalegea, nikamgeuza tena, wenzetu wakashangilia. Hapo nikamwambia, "Sasa tikisika."

"Nitikisike kivipi?"

"Kama mtu anayeanguka."

Aliinuka akakaa, kisha akasimama kabisa, akajipangusa magoti. "Huyo mtu wako anaanguka?"

"Ndiyo. Ni mdogo wangu."

"Dada, mimi nitaigiza mlevi, nitaigiza maiti ukitaka. Hilo siigizi. Ukiliigiza linakufuata."

Hakusema kwa dharau, alisema kwa heshima. Nikamtazama kijana wa pili, akainama kufunga mkanda ambao ulikuwa umefungwa. Nikamtazama mwalimu. Mwalimu, yule wa maneno mengi, alitazama vidole vyake vya miguu. Tangu siku hiyo kila tulipopanga jozi mtu wangu alikuwa na goti bovu, au amekuja kwa haraka leo, au anamsubiri rafiki yake. Mwalimu mwenyewe alijipanga na mimi ili kufunika aibu, na baada ya mazoezi nilimwona bombani akinawa mikono kwa sabuni, anarudia. Nilimchukia wiki nzima. Wiki iliyofuata nilirudi, kwa sababu kumchukia hakungemgeuza mdogo wangu.

Nikafanya kile ninachokijua. Nilichukua magunia ya salfeti, nikakata, nikashona mtu. Nilimpa mabega, mikono, miguu ya kulegea, na shingo iliyofungwa ili kichwa kining'inie. Nikamjaza mchanga mbichi tumboni na pumba za mpunga kwenye viungo, nikampeleka usiku usiku kwa toroli kwenye ule mzani hadi akafika sabini na mbili. Nikamvisha shati la zamani la mdogo wangu, lile lililochanika jarubani, kwa sababu nilitaka mikono yangu ilijue shati lenyewe. Nilimficha nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mdogo wangu akienda shamba, nilimwaga ndoo za maji pale nyuma, nikakanyaga udongo ukawa tope, nikamlaza, nikaanza kazi.

Mwanzoni alinishinda, nikaanguka naye. Mvua za mwanzo zilipolowanisha uwanja wote, nilikuwa namgeuza. Mwezi uliofuata nilikuwa namgeuza na kumburuta hadi ukutani, kichwa chake kwenye mkono wangu, bila kupumzika. Siku nilipofanya hivyo mara tatu mfululizo nilikaa chini karibu naye kwenye tope nikacheka peke yangu. Lengo lilikuwa limetimia kabla ya wakati. Kama mwalimu angekuwepo ningemtambia.

Kumbe watoto wa jirani walikuwa wakichungulia uani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lililosemwa mtaani ni kwamba yule fundi amemtengeneza mdogo wake kwa gunia, amemvika nguo zake, na kila asubuhi anamzika kwenye tope. Wengine walisema nayahamisha maradhi. Wengine walisema ndimi ninayemroga tangu zamani, ili nibaki na shamba la mama. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao havijashonwa.

Jumapili moja baada ya Misa, yule mama wa jaruba la jirani alikuja nyumbani. Hakukaa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba akiwa anatazama uani.

"Nimesikia maneno," alisema. "Sikutaka kuyabeba bila kuona kwa macho yangu. Nionyeshe."

Nikafunua turubai. Alijifanyia ishara ya msalaba. Nilimweleza, naye akawa haelewi, basi nikapandisha kanga, nikalilaza lile gunia kifudifudi, nikashuka, nikamkumbatia, nikamgeuza ubavu. Nikamweka kichwa vizuri. Nikamwambia hivi ndivyo ilivyotakiwa kufanywa siku ile, hakuna kumkandamiza, hakuna kumtia kijiko mdomoni, ni kumgeuza ubavu tu na kuulinda uso mpaka atulie. Na povu ni mate, mama, hospitali wameniambia mara ngapi sijui, ni mate tu kama yako na yangu.

"Si mtu anaweza kumsukuma kwa mti?" aliuliza. "Kwa mpini wa jembe?"

"Kwa mti hageuki, mama."

Ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa wawili tu. Mdogo wangu alikuwa amesimama penye kona ya nyumba na baiskeli yake. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Alikuwa analitazama shati lake.

Alisogea taratibu, akapiga magoti, akalishika lile gunia begani kama unavyomshika mtu unayetaka kumwamsha. Nilianza kusema, akanizuia kwa kiganja.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wa kufanyia mazoezi tu."

"Una mazoezi ya kunigeuza mimi, ukaenda kuwaomba vijana wa mjini walale. Nimesikia, mjini kote wanasema. Wakakataa, ukashona gunia." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Mimi niko humu ndani kila siku, dada. Mbona hukuniomba mimi?"

Nimetafuta jibu la swali hilo tangu siku ile. Nilipima kilo zake kwa uongo, nilizijua kwa hesabu kamili, lakini haikunijia hata mara moja kumwambia lala nikujaribu. Katika lengo langu lote yeye alikuwa mzigo. Niliona haya mbele ya yule mama.

Hakungoja nijibu. Alivua shati la Jumapili, akalitundika kwenye baiskeli, akalala kifudifudi kwenye tope langu. "Haya. Nigeuze."

Nikamgeuza. Nyonga zilifanya kazi yake, akaja ubavu, nikajisikia vizuri kwa nukta moja. Kisha akasema akiwa pale pale chini, "Unavuta mkono. Mara zote huwa unavuta mkono. Nikiamka sijui kilichotokea, lakini bega linauma siku tatu, najua ni wewe. Shika hapa." Akaupeleka mkono wangu kwenye mfupa wa nyonga yake. "Na huku kwenye mbavu. Rudia." Nikarudia. Akanikosoa tena. Tulifanya hivyo mara nyingi, yeye akilala, mimi nikishuka, na yule mama amesimama pembeni na kitabu chake cha sala, hasogei wala haondoki. Hakuna sehemu nyingine ya mazoezi yale iliyonifundisha kitu kikubwa kuliko asubuhi ile. Gunia halikuwahi kuniambia linaumia wapi.

Alipoinuka, akiwa tope tupu kifuani, alisema, "Lengo lako tumelimaliza. Sasa langu. Mwaka huu ndege wakianza kushuka, nalala dunguni kama wanaume wenzangu."

Kwa asiyejua, mpunga ukianza kutoa masuke bonde lote linahamia shambani. Watu wanajenga dungu, kibanda cha miti juu ya nguzo, wanakaa humo wiki baada ya wiki kupiga kelele na makopo, maana ndege wa kweleakwelea wakishuka asubuhi moja wanakumalizia mwaka. Wanaume wanalala huko. Mtoto wa kiume anahesabiwa amekua siku alipoachiwa dungu peke yake. Mdogo wangu, na ndevu zake, alikuwa bado anarudishwa nyumbani jioni na dada yake.

Nilikataa. Dungu lina ngazi, chini yake kuna maji, na mimi niko mjini na cherehani. Tukagombana mbele ya mgeni, kitu ambacho mama yetu asingekiruhusu. Aliniambia, "Unajijaza misuli ili nisiende popote." Nikamwambia akafie huko basi. Maneno hayo yalinitoka, na hayarudi. Yule mama aliaga kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Ndege walipoanza, nilirudi kutoka sokoni jioni nikakuta mkeka wake haupo, sufuria ndogo haipo, vidonge vyake havipo. Hapo kwenye vidonge ndipo nilipopata pumzi kidogo.

Sikulala vizuri siku hizo. Niliacha mazoezi, kwa kuwa yalikuwa ya nini? Nguvu zote nilizochuma zilikuwa Ifakara, na yeye yuko njia ya Idete juu ya nguzo nne. Nilikanyaga cherehani nikishona sare za shule, mapaja yangu ya fungu zima la rozari yakikanyaga pedali. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama kwa kufa, nikamkasirikia hata mwalimu, aliyenipa lengo lenye kipimo na tarehe na kusahau kuniuliza nani mwingine atakuwa shambani.

Jumamosi nilifunga duka mapema, nikapakia unga, chumvi na dagaa kwenye baiskeli, nikaenda. Nilikuwa nimejipangia nimwombe msamaha kwa yale maneno, kisha nimrudishe nyumbani hata kwa nguvu, maana nguvu sasa ninazo. Nilipoiacha barabara na kushika njia ya tuta nilishangaa kimya. Msimu wa ndege shamba halina kimya, kila dungu lina kopo na koo la mtu. Dungu letu lilikuwa tupu. Juu ya jaruba la jirani yetu ndege walikuwa wameshuka kama shuka la kahawia, wanakula, na hakuna aliyewafukuza.

Nikatupa baiskeli. Nilikimbia juu ya tuta mpaka nikawaona.

Yule mama alikuwa amepiga magoti katikati ya maji, kanga imelowa hadi kiunoni. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu mbele yake, mgongo umeegemea mapaja ya yule mama, naye alikuwa amemshika kwa mikono miwili, mmoja chini ya shavu, mmoja kwenye mfupa wa nyonga. Alikuwa bado anatikisika kidogo, mwisho mwisho. Povu lilikuwa limemtiririkia yule mama kwenye kiganja na mkononi hadi kwenye kiwiko. Midomo yake ilikuwa inasali haraka haraka, na macho ameyafumba kabisa, mtu aliyeogopa kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akiogopa. Nikaruka majini nikasema, "Mama, niachie mimi." Hakuachia. Sidhani alinisikia.

Nilipiga magoti upande wa pili. Hapakuwa na la kufanya. Alikuwa amemgeuza vibaya, kanga yake imejisokota chini ya mguu wa mgonjwa, yeye mwenyewe amezama hadi mapaja, lakini uso ulikuwa nje ya maji na pumzi zilikuwa zinapita. Niliona wivu. Nasema kweli, nilikaa kwenye maji yale na mikono yangu ya mwaka mzima, nikamwonea wivu mjane aliyejifunza kwa kutazama Jumapili moja.

"Mama," nilisema baadaye, "ndege wanakula mpunga wako."

Akafumbua macho, akatazama shamba lake. "Wacha wale," alisema.

Tulimsogeza wote wawili hadi kwenye tuta. Kule tulikaa tunamsubiri arudi, kama ilivyo, dakika ndefu za usingizi mzito. Yule mama alishuka mferejini kunawa. Alinawa, akachukua tope akasugua hadi kwenye kiwiko, akanawa tena. Alikuwa na wajukuu nyumbani. Najua alikuwa anawawaza wao. Sikumwambia tena habari ya mate, halikuwa neno la kusema wakati ule, na kesho yake wanawake wa mashamba yale hawakuchota naye maji.

Mdogo wangu alifumbua macho. Alinitazama, akatazama nguo zangu zilizolowa, akajua. Kwanza alijishika bega, akalizungusha, akakunja uso kwa mshangao.

"Haliumi," alisema.

"Si mimi niliyekugeuza. Nilifika umeshageuzwa."

"Nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, kule mferejini. Alijiinua kwenye kiwiko akamtazama yule mama, ambaye alikuwa ametupa mgongo na anaendelea kunawa.

"Alitumia nini?" aliniuliza polepole. "Mti?"

"Hapana."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono yake."

Miaka ishirini na kitu alikuwa ameguswa na watu wawili tu akiwa katika hali ile, mmoja tulimzika. Alivuta shati lake lililolowa akajifunika uso, akalia kwa sauti, mwanaume mzima na ndevu zake, hadi watu wa madungu ya mbali wakasimama kututazama.